Makabati ya Thomas Day

Juma hili, ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, nataka tuzungumze juu ya makabati. Msishangae. Siasa tumeizungumza sana, na sijaona bei ya kitu hata kimoja iliyoteremka kwa sababu ya maneno yangu.

Nchini Marekani ziko nyumba nyingi za kale ambazo hazikaliwi tena na mtu, zimegeuzwa makumbusho. Mgeni hulipa kiingilio, akapitishwa chumba baada ya chumba, na kila chumba kimezungushiwa kamba ili asije akakaa kitini. Kitanda kimetandikwa, meza imeandaliwa sahani, kabati limesimama ukutani linang'aa, utadhani wenyewe wametoka mara moja tu na watarudi. Mwenye kuwaongoza wageni ataeleza kwamba nyumba ilikuwa ya jenerali fulani au tajiri fulani wa pamba, alioa wapi, alifia chumba kipi. Akifika kwenye kabati atasema ni la karne ya 19, la mti wa mahogani. Aliyelipiga randa mara nyingi hatajwi. Ama jina lake limepotea, ama alikuwa mtu ambaye hata jina lake mwenyewe lilihesabiwa kuwa mali ya bwana wake.

Lakini iko nyumba moja ambayo mwenye nyumba na seremala ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mweusi. Nyumba yenyewe ni ya matofali, nayo iko katika mji mdogo wa Milton, jimbo la North Carolina, karibu kabisa na mpaka wa Virginia. Ilijengwa yapata mwaka 1818 iwe hoteli ya wasafiri, ikaitwa Union Tavern. Mwaka 1848 ilinunuliwa na seremala Thomas Day, akaishi humo, na karakana yake ikawa humo humo. Sensa ya mwaka 1850 ilipopita, karakana hiyo ilionekana kuwa kubwa kuliko zote za kutengeneza samani katika jimbo zima. Kumbukeni kwamba hilo lilikuwa jimbo la kusini, jimbo la utumwa, na miaka 15 ilikuwa bado ipite kabla utumwa haujafutwa katika nchi ile.

Thomas Day alizaliwa mwaka 1801 katika wilaya ya Dinwiddie, Virginia, na hakuzaliwa mtumwa. Kiswahili chetu kinalo neno kwa mtu wa namna hiyo, muungwana, ambalo zamani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa wa mtu, kabla halijazoeleka kwa maana ya mtu mwenye adabu. Wazazi wake walikuwa waungwana kwa maana ile ya zamani. Baba yake, John Day, alikuwa seremala wa samani, na watoto wake wawili wa kiume, John na Thomas, waliishika kazi hiyo hiyo. Babu yao mzaa mama, Thomas Stewart, alikuwa mtu mweusi huru mwenye shamba, na mwenye watumwa. Jambo hilo la mwisho naomba mliweke akiba, tutalihitaji.

Ndugu hao wawili walifika Milton katika miaka ya 1820. Mji uko kando ya mto Dan, na fedha zake zote zilitoka kwenye tumbaku. Mwaka 1827 Thomas alinunua kiwanja katika barabara kuu, na mwaka huo huo akatangaza katika gazeti la mji, akiwashukuru wateja wake na kuwaarifu kwamba anaendelea na kazi na samani anazo. Hakuwa na umri wa miaka 30. Wateja wake walikuwa wakulima wakubwa weupe, wafanyabiashara na mawakili, na miaka ilivyosonga nao walizidi kuwa na fedha. Hapo pana kisa ambacho siwezi kukipita. Mwaka 1839, katika wilaya hiyo hiyo ya Caswell, mtumwa aitwaye Stephen, wa shamba la Abisha Slade, alikuwa akilinda moto wa kukaushia tumbaku usiku. Husimuliwa kwamba usingizi ulimchukua, moto ukakaribia kuzimika, naye alipozinduka akakimbilia makaa ya mhunzi na kuyatupa motoni. Joto likapanda ghafla, na majani yakatoka ya manjano kama dhahabu badala ya kahawia. Tumbaku ya rangi hiyo ikawa na bei nzuri sana sokoni. Wenye mashamba wakajenga nyumba mpya, na nyumba mpya haikai tupu. Kwa hiyo sehemu ya fedha zilizoingia mfukoni mwa Thomas Day zilianzia kwenye usingizi wa mtumwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Samani za mtindo wa wakati ule zilikuwa nzito: makabati yenye nguzo nene, meza za mguu mmoja mkubwa, makochi ya mgongo uliopinda, vitanda ambavyo havipiti mlangoni bila kufunguliwa. Mtindo huo ulitoka Ulaya na kuenea Marekani kwa vitabu vya michoro. Mahogani haioti North Carolina, ililetwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, na ilikuwa ghali. Kwa hiyo seremala hakujenga kabati zima kwa mahogani. Alijenga mwili wake kwa msonobari au mti mwingine wa hapo hapo, kisha akachukua mahogani iliyopasuliwa nyembamba sana, akaibandika juu kwa gundi ya moto, akaipiga msasa na vanishi mpaka mtu aone uso wake ndani yake. Kazi hiyo haitaki papara. Gundi ikipoa kabla ubao haujabanwa vizuri, msimu ukigeuka ubao utavimba kama andazi, na mteja atarudi.

Day aliifuata michoro ya vitabu, lakini hakutulia ndani yake. Nimezitazama picha za samani zake kwa muda mrefu, na kila mara jicho langu huenda mahali pale pale: kwenye mikunjo. Mbao zake hujiviringa kama herufi S, kama konokono, kama jani changa linalotaka kufunguka. Ukitazama mgongo wa kochi lake au rafu zake za kuwekea vitu vya mapambo, utaona kwamba uwazi uliobaki kati ya mbao nao una umbo, na umepangwa kwa makusudi kama mbao zenyewe. Zaidi ya samani alitengeneza pia mbao za ndani ya nyumba za matajiri wa Caswell na wa upande wa pili wa mpaka, Virginia: fremu za milango, mapambo yanayozunguka meko, na hasa ngazi. Nguzo ya kuanzia ngazi kwa maseremala wengine ilikuwa kijiti kilichokerezwa tu. Kwa Day nguzo hiyo hujikunja na kuinuka kama kitu chenye uhai, na mtu akiingia mlangoni ndiyo kitu cha kwanza kumpokea. Baadaye alitumia mashine za mvuke kukata maumbo, jambo ambalo maseremala wengi wa jimbo lake walikuwa hawajalifikia.

Jina lake hakulitia mara nyingi. Vitu vingi vinatambuliwa kuwa vyake kwa hati za malipo zilizohifadhiwa, na kwa kuwa familia zilizovinunua zilivikalia vizazi kwa vizazi. David S. Reid, aliyepata kuwa gavana wa North Carolina, aliagiza kwake vipande 47 vya samani katika miaka ya 1850. Chuo Kikuu cha jimbo hilo nacho kilimpa kazi mwaka 1847, ya mbao za kumbi na maktaba za vyama vya midahalo vya wanafunzi.

Hakuwa seremala mweusi wa pekee katika nchi ile, wala tusimfanye wa pekee. Huko Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ambayo leo ni makumbusho mashuhuri, seremala mkuu alikuwa John Hemmings, mtumwa wa Jefferson. Mwaka 1825 Hemmings alimtengenezea Ellen, mjukuu wa Jefferson aliyeolewa Boston, dawati la kuandikia. Dawati likapotea baharini likiwa njiani. Jefferson aliandika kwamba Hemmings aliumia kama ambavyo Virgil, malenga wa Roma, angeumia kama utenzi wake ungeteketea. Maneno mazuri. Aliyeyaandika, hata hivyo, ndiye aliyekuwa mmiliki wa huyo malenga wa mbao, na uhuru wa Hemmings uliandikwa kwenye wosia, baada ya Jefferson kufa mwaka 1826. Seremala wakati huo alikuwa na umri wa miaka 50. Alipewa na zana zake.

Turudi Milton. Mwezi Januari 1830 Thomas Day alioa. Mkewe, Aquilla Wilson, alikuwa muungwana kama yeye, wa wilaya ya Halifax ng'ambo ya mpaka. Umbali ni mdogo, lakini mpaka ulikuwa mpaka. Sheria ya North Carolina ya mwaka 1826 ilimkataza mtu mweusi huru wa jimbo jingine asiingie kukaa. Akiingia na asiondoke, hutozwa faini ya dola 500, na asiyekuwa nazo hukabidhiwa mtu wa kumtumikisha. Yaani bibi harusi aliyezaliwa huru, kwa kosa la kumfuata mumewe nyumbani, angeweza kufanywa kama mtumwa.

Day alikuwa tayari kuhama. Hapo ndipo watu weupe wa Milton walipozinduka. Watu 61 walitia sahihi zao kwenye barua ya kuliomba bunge la jimbo limruhusu Aquilla aingie. Nadhani si wote waliosukumwa na huruma. Wako waliokuwa wameagiza makabati. Lakini karatasi ninayotaka mwisikilize vizuri si ile ya sahihi 61, ni maelezo yaliyoambatanishwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Romulus Saunders, aliyemfahamu Day. Anasema Day ni mtu wa tabia njema, fundi hodari, mchapakazi, mwaminifu, si mlevi. Kisha anaongeza jambo moja: kwamba ikitokea ghasia miongoni mwa weusi, yeye Saunders ana imani kwamba Day ataitoa siri, kwa sababu huyo naye ana ardhi, na naye ana watumwa.

Bunge likakubali. Aquilla akaingia.

Ili muone uzito wa maneno yale, utazameni mwaka wenyewe. Mwaka 1829 David Walker, muungwana mweusi mzaliwa wa Wilmington katika jimbo hilo hilo, alichapisha huko Boston kijitabu cha kuwaita watumwa wainuke. Mwaka 1830 kijitabu hicho kilikuwa kinapenyezwa North Carolina kwa siri, na wakubwa walikuwa hawalali. Mwezi Agosti 1831 Nat Turner aliongoza uasi katika wilaya ya Southampton, Virginia, watu weupe zaidi ya 50 wakauawa, na weusi wengi zaidi wakauawa kwa kisasi. Katikati ya hofu hiyo Day aliruhusiwa kukaa na mkewe kwa sababu aliaminiwa kuwa hatakuwa upande wa Nat Turner.

Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1830, kaka yake alipanda meli kwenda Liberia. John Day alikuwa ameacha randa na kuwa mhubiri wa Kibaptisti, na aliona hakuna haki kwa mtu mweusi katika nchi aliyozaliwa. Liberia nayo haikuwa pepo. Homa iliwafyeka wahamiaji, na wahamiaji hao nao hawakuwatendea wenyeji kama ndugu. Lakini tarehe 26 Julai 1847 John Day alikuwa mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Liberia, na baadaye akawa Jaji Mkuu wa nchi hiyo, mpaka alipofariki mwaka 1859. Watoto wa seremala mmoja: mmoja akatia sahihi uhuru wa nchi barani Afrika, mwingine akabaki akitengeneza vitanda vya wenye watumwa. Ni rahisi kumpenda yule wa kwanza.

Sasa ile akiba niliyowaomba muiweke. Sensa ya mwaka 1850 inaonyesha Thomas Day akiwa na watumwa 14. Karakana yake ilikuwa na mafundi weupe na weusi, huru na watumwa, na mafundi weupe wengine walikuwa wakilala chini ya paa lake, jambo geni sana Kusini wakati ule. Wapo wanaomtetea kwa kusema aliwanunua watu hao ili kuwakinga na mabwana wabaya. Wapo wanaosema hakuwa na njia, maana sheria ya kuwaacha watumwa huru ilikuwa ngumu: bwana aliweka dhamana ya dola 1,000, na aliyeachwa huru alipaswa kuondoka jimboni ndani ya siku 90. Hayo ya sheria ni kweli. Hata hivyo mimi utetezi huo haunitoshi. Barua ya Saunders inatuambia wazi watumwa wale walimfaa nini zaidi ya kupiga randa. Walikuwa ndiyo hati yake ya kuaminiwa. Katika jimbo ambalo kila mwaka lilibuni kipingamizi kipya kwa weusi huru, na ambalo mwaka 1835 liliwanyang'anya hata haki ya kupiga kura, Day alinunua usalama wake kwa sarafu pekee ambayo majirani zake hawakuitilia shaka, na sarafu hiyo ilikuwa binadamu.

Wakati huo huo siwezi kuungana na wanaosema aitwe msaliti tukamalizana naye. Mtu aliyeridhika na Milton asingewapeleka watoto wake mbali namna ile. Watoto wake watatu walisoma Wesleyan Academy huko Wilbraham, Massachusetts, shule ya Wamethodisti katika jimbo la kaskazini lisilo na watumwa. Karo na nauli zililipwa na fedha za makabati. Mtu anayetaka watoto wake wafanane na majirani zake hawapeleki kukaa mbali na majirani hao.

Kanisani ndiko sura zake zote mbili zinakoonekana pamoja. Thomas na Aquilla walipokewa katika kanisa la Presbiteri la Milton mwaka 1841. Mabenchi ya kanisa hilo ni kazi yake, na wenyeji husimulia kwamba alikubali kuyatengeneza kwa sharti moja, familia yake ikae chini pamoja na weupe, isipelekwe roshani walikokaa weusi. Akapata alichotaka, akakaa chini. Watumwa wakabaki kukaa juu.

Mwisho wake ulikuwa mbaya kwa namna ambayo wafanyabiashara wengi watamwelewa. Mwaka 1857 mabenki ya Marekani yaliyumba, fedha zikakauka, na wakulima waliokuwa wamechukua samani kwa mkopo hawakulipa. Yeye naye alikuwa na madeni ya mbao na ya mashine. Mwaka 1858 alifilisika. Alifariki yapata mwaka 1861, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na mwanawe Thomas ndiye aliyeendesha karakana baada yake.

Nje ya Makumbusho ya Historia ya North Carolina mjini Raleigh iliwekwa sanamu ya Thomas Day, na makumbusho hayo yanayo makabati na makochi yake. Sanamu anastahili, mikono yake ilikuwa mikono ya ajabu. Ila napenda kila anayetazama samani hizo alitazame na daftari la watumwa la sensa ile ya 1850. Katika daftari hilo anaandikwa jina mwenye mali tu. Watumwa wanaandikwa umri, jinsia na rangi, mstari mmoja kwa mtu mmoja, bila jina. Chini ya jina la Thomas Day iko mistari 14. Baadhi ya mikunjo ile ninayoipenda ilikatwa na mikono ya watu wa mistari hiyo, na hakuna awezaye kutuonyesha ni ipi.

Nyumba ya Milton ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1975. Mwaka 1989 iliungua vibaya. Wenyeji waliunda chama, wakachangisha fedha, wakaijenga upya, na vyumba vikarudishiwa samani. Mabenchi ya kanisani, kwa kuwa hayakuwamo, yalisalimika.